Timu ya watoto wa mtaa mmoja?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Kaka yangu anasema kuna timu iliwahi kutwaa Klabu Bingwa Ulaya kwa wachezaji wa eneo moja tu. Nimembishia wiki nzima. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kaka yako yuko sahihi, mwombe radhi. Ni Celtic ya Scotland, msimu wa 1966/67. Kikosi kizima cha fainali kilizaliwa ndani ya maili 30 hivi kutoka Glasgow.

Nusura waishie robo fainali. Walifungwa 1-0 ugenini na Vojvodina ya Yugoslavia. Kwenye marudiano Celtic waliongoza 1-0 hadi dakika ya 90, nahodha Billy McNeill aliporukia kona na kupiga kichwa. 2-0.

Fainali ilichezwa Lisbon, Mei 25, 1967. Inter Milan, mabingwa wa 1964 na 1965, walipata penalti, Mazzola akafunga dakika ya 7, kisha wakajazana nyuma. Nimeutazama mkanda wake mara nyingi na bado moyo hunienda mbio. Celtic wanagonga mtambaa panya mara mbili, kipa Sarti anapangua kila kitu! Dakika ya 63 beki Tommy Gemmell akaachia kombora kutoka nje ya boksi, 1-1. Mwishoni Murdoch akapiga, Chalmers akaugusa mpira, 2-1.

Ninachokipenda zaidi ni kofia ya kipa wa Celtic, Ronnie Simpson, aliyekuwa na miaka 36. Ilikaa golini mechi nzima, imehifadhi meno bandia ya wenzake, wayavae wakati wa kupokea kombe.