Maswali na Majibu: Kaseti za Redio

*Kaseti za marehemu baba zina kama unga mweupe kwenye utepe. Nizicheze nione?*

Usithubutu. Hiyo ni kuvu. Ukiipitisha kwenye deki inahamia kwenye hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, na kila kaseti itakayofuata inapata sehemu yake. Zitenge pakavu, mpelekee fundi.

*Nina nyimbo nilizorekodi Radio Tanzania. Nataka nyimbo tu. Maneno ya mtangazaji nayakataje?*

Usiyakate. Wimbo wenyewe huenda mwingine anao, tena safi kuliko wako. Salamu za wagonjwa, tangazo la msiba na saa iliyotajwa kabla ya taarifa ya habari huenda vimebaki kwako peke yako. Isitoshe, hivyo ndivyo vinavyoipa kaseti umri: ukisikia mtangazaji anawasema wahujumu uchumi, jua huko ni 1983 au karibu yake. Watu wanafyeka haya yote, halafu wananiuliza, “Huu wimbo ulirushwa lini?” Niulizwe mimi?

*Ninayo hotuba ya Nyerere ya vita vya Kagera, 1978. Ina thamani gani?*

Hotuba hiyo imerudiwa redioni mara nyingi. Kilichotangulia na kilichofuata kwenye utepe ndicho kitakachosema kama ni ya siku ile. Natumai hukukikata.

*Programu gani inaondoa mikwaruzo?*

Hili tena! Safisha hedi kwanza kwa spiriti na kijiti cha pamba. Mikwaruzo mingine ni uchafu wa deki yako. Kisha nakili kaseti nzima ilivyo, pande zote mbili, kwa WAV ya biti 24, faili ya sauti isiyobanwa. Faili hiyo usiiguse. Ukitaka kupaka poda, paka nakala ya pili. Na WhatsApp si ghala: ukituma sauti pale inaweza kubanwa.

*Simu mbele ya spika haitoshi?*

Haitoshi. Nunua waya wa kuunganisha deki na kompyuta.

*Kaseti yangu ya mechi ya Simba na Stella ya Abidjan, 1993, ni C-120, ya dakika 120, na inakwama.*

Utepe wa C-120 una karibu nusu ya unene wa ule wa C-60. Acha kurudisha nyuma kutafuta goli. Simba ilifungwa mbili bila, unatafuta nini? Icheze mara moja huku unanakili.

*Jamaa mtandaoni anaomba tumtumie kaseti atunakilie bure.*

Vunja vile vijiplastiki viwili vya mgongoni zisije zikarekodiwa juu, mpe moja tu, subiri irudi. Akisema nakala ikishapatikana kaseti ya nini, usimpe ya pili.