Barua kwa mwanangu: nyota, kipepeo na fundo

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema wanafunzi wako wa kidato cha tano wamekubana: Shakespeare anasema mapenzi hayabadiliki, Mwana Kupona anayageuza kazi za nyumbani, Shaaban Robert anayalilia, basi mkweli ni nani? Na swali hilo unamletea karani mstaafu wa bandari! Haya.

Mimi hutazama kwanza anayesema amesimama wapi. Yule Mwingereza, katika soneti yake ya 116 iliyochapwa mwaka 1609, anayaita mapenzi nyota ya kila chombo kilichopotea baharini. Nimekaa na mabaharia, thamani ya nyota naijua. Ila nyota haiumwi, haidaiwi kodi, wala haikoromi. Yule anakula kiapo, na kiapo kidogo nani atakisikiliza?

Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alikuwa mgonjwa akimuusia binti yake. Nyota hana. Mume akilala asisumbuliwe, apapaswe, asikose mtu wa kumpepea. Najua ninyi wa leo mnamsoma mkikunja uso, na siwalaumu. Utii ule umeelemea upande mmoja. Lakini kumbuka alikuwa mjane tayari, hakuwa akijipendekeza kwa mume aliye hai. Mimi beti hiyo niliielewa mwaka ule mama yako alipolala miezi minne chumba cha nyuma. Umeme ukikatika, na joto la Februari unalijua, feni inasimama, jasho linamchuruzika shingoni. Nikachukua kipepeo chake cha ukili, nikampepea mpaka mkono ukafa ganzi, nikahamia wa pili. Akifumbua macho ananiambia, "Pumzika." Nikipumzika, anageuza shingo kutafuta upepo. Kwa hiyo sikupumzika. Kazi ambayo utenzi umempa mke ikawa yangu, wala sikuwa nimeusiwa na mtu.

Shaaban sasa. Katika shairi anamwambia Amina, mkewe aliyetangulia: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua." Wale vijana wako hawatakosa kuuliza, mbona alioa tena? Kweli, alioa. Zamani nami niliona kajikana mwenyewe. Siku hizi sioni hivyo. Hakusema hatafunga fundo jingine, alisema lile halifunguki. (Usianze kuwapigia shangazi zako simu. Sina mtu.)

Ukinilazimisha nichague, nyota namwachia bwana harusi aisome ukumbini, itapendeza. Darasani anza na kipepeo, maana hapo ndipo watabishana kweli: nani anampepea nani, na kwa nini. Shaaban wasome mwishoni, kimya kimya, na usiwaulize maswali ya ufahamu.

Kile cha mama yako bado kipo nyuma ya kabati. Ukija Idi kichukue ukawaonyeshe. Ukingo umefumuka kidogo karibu na mpini, pale kidole gumba kilipokuwa kikikaa. Usiushone.

Baba yako