Kushusha taimu ya hafu marathoni huku mazoezi unafanyia Tanga

Hii nawaandikia wadogo zangu mlioanza jogingi juzijuzi, mmeshakimbia hafu moja mkamaliza, medali mnayo, na sasa mnataka kushusha taimu. Karibu wote mnauliza kitu kimoja, mazoezini nikimbie kwa spidi gani, na jibu mkipewa hamlipendi maana jibu ni polepole kuliko unavyokimbia sasa hivi, hasa kwa sisi wa Tanga.

Chukua mtu anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon pale Moshi, ambayo huwa mwishoni mwa mwezi wa pili au mwanzoni mwa wa tatu. Maandalizi yake yote yanaangukia mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili, yaani kipindi cha kaskazi, joto letu lote lipo hapo. Unatoka Chumbageni unapita Bombo unaenda Raskazone, saa 1 na nusu asubuhi jua limeshawaka na hewa imejaa maji, jasho linachuruzika tu halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Hapo moyo una kazi mbili kwa mpigo, kupeleka damu kwenye misuli na kupeleka nyingine kwenye ngozi ili joto litoke, kwa hiyo pesi (dakika unazotumia kwa kilomita moja) ileile uliyokuwa unaimudu mwezi wa saba wakati wa kusi inakuwa nzito. Mtu anaangalia saa anaona 6:40 anakasirika, anajilazimisha 6:00, kesho yake miguu mizito lakini anajilazimisha tena, wiki ya tatu goti linauma. Sio mvivu huyo wala hajaishiwa pumzi, kashindana na hali ya hewa tu.

Kwa hiyo siku za mazoezi mepesi saa ifunike na mkono wa shati kabisa. Kipimo chako ni maongezi, ukiweza kumsimulia mwenzako jambo sentensi nzima bila kukata pumzi upo sawa, ukianza kujibu neno mojamoja punguza. Na msiogope kwamba mtazoea upole. Mwili ukipata wiki mbili hivi za kukimbia kwenye joto unajirekebisha, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema, moyo unatulia, na faida hiyo unaondoka nayo. Ukifika sehemu ambayo asubuhi yake haina unyevu kama wa kwetu unajikuta mwepesi mpaka unashangaa.

Sasa hesabu, maana taimu haishuki kwa kutamani. Hafu ni kilomita 21.0975. Ukitaka chini ya saa 2 unahitaji wastani wa 5:41 kwa kilomita, ukitaka 1:50 ni kama 5:12, ukitaka 1:45 ni chini kidogo ya 5:00. Lakini kuna mtego hapa unaowaumiza wengi. Kwenye mbio huwezi kukata kona zote kama walivyopima njia, unapishana na watu, unaenda pembeni kuchukua maji, na saa za GPS nazo zinayumba, kwa hiyo ukimaliza saa inakuonyesha labda 21.3. Ukishikilia 5:41 ya kwenye saa kwa kilomita 21.3 unamaliza 2:01 na kitu, unabaki unalia na waandaaji. Wa saa 2 ashike 5:38 na asiiamini saa peke yake, kila kibao cha kilomita alinganishe.

Huyohuyo wa saa 2 siku zake nyepesi ziwe 6:40 mpaka 7:15, na joto likizidi hata 7:30 sio dhambi. Mara moja kwa wiki akimbie vipande, mfano kilomita moja mara tano kwa 5:20 hadi 5:25 na katikati dakika mbili za kujikokota. Hii ifanyike saa 11 na nusu alfajiri, sio jioni ukitoka kazini barabara bado inafuka. Wiki zikisogea vipande virefuke, kilomita tatu mara tatu kwa pesi ya mashindano yenyewe. Halafu Jumapili mbio ndefu, inapanda taratibu kutoka 12 mpaka 17 au 18, na hii mi ndo naithamini kuliko zote, wengi mnaibania. Siku zinazobaki ni mepesi au kupumzika, basi.

Mbio ndefu msizimalizie zote kwenye lami. Ukitoka kuelekea Pongwe au Amboni kuna barabara za udongo kwenye mashamba ya mkonge, miguu inapumua na magari hakuna, ila nendeni wawili watatu na maji mbebe. Kwenye lami kimbia upande wa kulia ili uyaone magari na bodaboda yakija, usiyape mgongo.

Shida yetu nyingine mji wetu tambarare, na njia ya hafu ya Moshi inapanda kwelikweli kuelekea Mweka kabla haijageuka kushuka. Mwenye nafasi ajisogeze Muheza siku mojamoja akafanye kipande cha barabara ya Amani, vilima vipo vya kutosha. Mfundishe mwili kupanda kwa pumzi ileile, pesi iache ianguke, na kushuka nako kunafunzwa, mapaja yasiyozoea kushuka yanakufa kilomita ya 17.

Chakula sina mengi. Usiku wa kuamkia mbio wali au ugali na samaki wa kuchemsha, maharage na pilipili viache, asubuhi chai na mkate au viazi vitamu masaa mawili kabla ya mbio. Usijaribu siku hiyo kitu ambacho tumbo lako halijawahi kukutana nacho. Ramadhani ikiwa katikati ya maandalizi, mepesi fanya nusu saa kabla ya futari, vipande na mbio ndefu baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa, na idadi ya kilomita ipunguze bila kinyongo.

Siku kumi za mwisho punguza kilomita mpaka karibu nusu, spidi kidogo ibaki. Usisafiri Jumamosi kama mbio ni Jumapili. Tanga mpaka Moshi ni saa nyingi za kukaa, miguu inavimba, nenda Ijumaa, na basi likisimama Korogwe au Mombo shuka utembee hata kama hununui kitu.

Siku yenyewe kilomita tatu za kwanza ndizo zinaamua. Watu wote wanaondoka mbio, ngoma zinapigwa, unajisikia unaruka, na hapo ndipo sekunde 20 unazoziiba kwa kilomita utazilipa dakika nzima mbele. Mwangalieni Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo 2025, joto kali, kakaa na kundi katulia karibu mbio nzima, akampita Amanal Petros wa Ujerumani hatua za mwisho kabisa, wote wakapewa 2:09:48 na dhahabu ikaamuliwa kwa sekunde 0.03. Bingwa wa dunia anasubiri, na wewe wa saa 2 subiri. Nenda polepole kidogo mpaka kilomita ya 5, tulia kwenye pesi yako mpaka 16, hapo sasa anza kuwahesabu watu walio mbele yako na kuwapita mmojammoja. Na ukikaribia mwisho usiinamie saa kuibonyeza, wengi wanapunguza mwendo mita kumi kabla, vuka mkeka wote wa kupimia taimu kwanza ndo ubonyeze.