Mke wangu ametajwa kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini nchi yetu haimtambui kuwa mama

Swali: Mimi na mke wangu tulipata mtoto kupitia mwanamke aliyetubebea mimba katika nchi inayoruhusu utaratibu huo. Mbegu ni yangu, yai ni la mchangiaji. Cheti cha huko kinatutaja sote kuwa wazazi, lakini msajili wa nchi yetu, ambayo ni mwanachama wa Baraza la Ulaya na inapiga marufuku utaratibu huu, ameniandikisha mimi peke yangu. Je, sheria ya haki za binadamu inailazimisha nchi kumtambua mke wangu?

Jibu: Inailazimisha kuweka njia ya kumtambua, lakini haiilazimishi kukipokea cheti hicho kama kilivyo.

Katika kesi ya Mennesson dhidi ya Ufaransa, iliyoamuliwa tarehe 26 Juni 2014 kuhusu pacha waliozaliwa California, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuona kwamba haki ya wazazi ya maisha ya familia ilivunjwa, kwa kuwa waliendelea kuishi na watoto wao. Iliyovunjwa ni haki ya watoto ya maisha binafsi, chini ya Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kwani walinyimwa uhusiano wa kisheria hata na baba aliyewazaa. Kwa hiyo dai lenu lisimame kwa jina la mtoto. Wazazi wengi hulijenga juu ya uchungu wao wenyewe, nao ni uchungu wa kweli, ila hapo ndipo kesi huwa dhaifu.

Kuhusu mke wako, yasomeni maoni ya ushauri ya Mahakama hiyo ya tarehe 10 Aprili 2019. Mahakama ilisema kwamba mama asiye na uhusiano wa vinasaba na mtoto, lakini anayetajwa kwenye cheti cha nje kuwa mama yake kisheria, lazima awe na njia ya kutambuliwa, kwa sababu bila hiyo mtoto yumo hatarini katika uraia, urithi, na hata katika kubaki na mama huyo iwapo wazazi watatengana. Njia hiyo yaweza kuwa kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wake kisheria, mradi iwe ya haraka na yenye kufaa, na ipatikane angalau pindi malezi yamekwisha kuwa hali halisi. Ahadi ya kuasili isiyotekelezeka haitoshi: tarehe 6 Desemba 2022, katika kesi ya K.K. na wengine dhidi ya Denmark, nchi hiyo ilishindwa kwa sababu iliwanyima watoto kuasiliwa na mama waliyemjua, kisa mbebaji alilipwa.

Mbegu yako ni nguzo kubwa. Wazazi wasio na uhusiano wowote wa vinasaba na mtoto walishindwa katika Paradiso na Campanelli dhidi ya Italia, tarehe 24 Januari 2017, na mtoto aliyekwisha kuchukuliwa hakurudishwa. Naiona hukumu hiyo kuwa kali mno, lakini ndiyo iliyopo.

Mke wako awasilishe ombi la kuasili sasa, na tunzeni kila jibu la maandishi mnalopewa. Likikataliwa hadi ngazi ya mwisho ya mahakama zenu, mtakuwa na miezi 4 tu ya kufika kwenye Mahakama hiyo ya Ulaya, iliyoko Strasbourg.