Sauti ya Jack Hawkins: Babu wa Sinema Anajibu Maswali Yenu

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni msomaji wako wa Makorora, Tanga. Marehemu baba alituachia kasha la diski za picha za zamani, na humo zimo kadhaa za Mwingereza mmoja, Jack Hawkins. Katika picha ya meli ya vita, The Cruel Sea, ana sauti nzito yenye kukwaruza. Kwenye Waterloo sura ni ileile, imezeeka tu, lakini sauti si yake hata kidogo. Kaka yangu anashikilia kuwa ni mtu na mdogo wake. Mimi nasema ni mtu mmoja. Tuamulie.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Ni mtu mmoja, na sikio lako nalo limesikia sawasawa. Umenigusa na swali hili, kwa sababu Hawkins nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura.

Nilianza kazi ya uopereta wa sinema hapa Tanga nikiwa kijana, miaka ya mwanzo ya Uhuru. Chumba chetu kilikuwa juu, nyuma ya ukumbi, kaboni za taa ya mashine zinawaka na jasho linatiririka. Rili moja, yaani gurudumu moja la mkanda wa picha, ilikwenda kama dakika ishirini, na kila ilipokaribia kwisha macho yangu yalikuwa kwenye pembe ya juu ya pazia, mkono wa kulia, nangoja kidoti. Kidoti cha kwanza unawasha mashine ya pili, cha pili unahamishia picha kwenye mashine hiyo. Ukikikosa, ukumbi mzima unapiga miluzi. Hivyo picha niliisikia zaidi kuliko kuitazama, kwenye kispika kidogo cha ukutani. Na katika kispika kile sauti ya Hawkins ilikuwa kama ngalawa inayokokotwa mchangani maji yakiwa yamekupwa. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Alizaliwa London, Wood Green, mwaka 1910, akapanda jukwaani akiwa mtoto. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa tayari anacheza tamthilia New York. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akaingia jeshini, kikosi cha Royal Welch Fusiliers, akapelekwa India, na huko akapewa kazi ya kusimamia maonyesho ya kuwaburudisha askari. Alitoka akiwa kanali. Kwa hiyo ukimwona amevaa magwanda, ujue si vazi la kuazima. Ameyalalia.

The Cruel Sea ni ya 1953. Hawkins ni Kapteni Ericson, nahodha wa manowari ndogo ya kulinda misafara ya meli. Kuna mahali chombo cha kusikilizia kinaonyesha kwamba nyambizi ya Wajerumani iko chini, na juu yake, palepale majini, wanaelea mabaharia wa Kiingereza ambao meli yao imezama. Wanadhani anakuja kuwaokoa. Yeye anaamuru mabomu yatupwe. Baadaye analia. Siku nilipoiendesha picha ile niliacha kutazama kidoti, nikatazama machozi. Nahodha mzima, mbele ya watu! Wavuvi wengi walikuwa ukumbini siku hiyo, na hakuna aliyekohoa. Kwangu mimi hapo ndipo Hawkins alipowazidi wenzake wote wa wakati ule: alikuwa na sauti ya kuamrisha, lakini ndani yake ulisikia amri inavyomuuma.

Sasa nije kwenye msiba wake. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, pakiti tatu kwa siku. Mwaka 1959 koo lilianza kumsumbua, akatibiwa kwa mionzi ya kobalti. Akaendelea na kazi. Jenerali Allenby unayemsikia kwenye Lawrence of Arabia, ya 1962, ni koo ambalo limekwisha kupita katika mionzi ile. Desemba 1965 madaktari wakamkuta na saratani, na Januari 1966 wakaondoa kikoromeo chote. Mtu wa namna hiyo anapumua kwa tundu la shingoni. Pumzi haipiti tena mdomoni, na sauti haipo. Hawkins alijifunza kusema upya kwa kumeza hewa na kuirudisha juu, kama mtu anayecheua, na kuifinyanga hewa ile iwe maneno. Ni kazi ngumu kuliko inavyosomeka.

Muigizaji asiye na sauti angefaa nini? Jibu alilitoa mwenyewe: alirudi kazini. Mbele ya kamera alitamka maneno yote kwa midomo, macho yakafanya kazi yake, kisha studioni akaingiziwa sauti ya mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Charles Gray, ambaye ukitazama picha za James Bond utamkuta kama Blofeld, adui wa Bond, kwenye Diamonds Are Forever. Mwingine alikuwa Robert Rietti. Gray alijitahidi kumfuata Hawkins, na wengi hawakugundua. Wewe umegundua, na mimi niligundua kwenye kile kispika changu. Nilidhani mashine imeharibika. Niliikagua taa inayosoma sauti kwenye mkanda, nikaifuta lenzi, bado. Aliponieleza msambazaji wa picha aliyetuletea rili zile, nilikaa chini.

Alicheza hivyo mpaka mwisho, miaka saba. Mwaka 1973 alikubali upasuaji wa majaribio ili awekewe kikoromeo cha bandia. Akaanza kutokwa damu, na Julai 18 mwaka huo akafariki London, akiwa na miaka 62. Alikuwa anaitaka sauti yake.

SWALI: Babu, ni kweli aliwahi kuwa mume wa yule bibi wa Driving Miss Daisy? Na je, alipata Oscar?

JIBU: Ni kweli. Alimwoa Jessica Tandy mwaka 1932, wakapata binti mmoja, wakaachana 1940. Baadaye akamwoa Doreen Lawrence na wakaishi pamoja hadi kifo chake. Oscar hakupata, na naliona hilo ni kosa. Lakini picha tatu alizocheza zilitwaa Oscar ya picha bora: The Bridge on the River Kwai, Ben-Hur na Lawrence of Arabia. Ile ya Kwai ilipigwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na wazee wetu wa Keya, jeshi la King's African Rifles, waliopitia huko kabla ya Burma walikuwa wakiitambua misitu. Mmoja alirudi siku tatu mfululizo, akiniomba nimwachie mlango wa pembeni.

Na wewe wa Makorora, mrudishe kaka yako kwenye Waterloo. Mtafuteni Jenerali Picton, mwenye kofia ndefu ya kiraia katikati ya wanajeshi. Zimeni sauti ya televisheni, mtazame uso peke yake. Mtamkuta.