Maswali ya Wasomaji: Diplomasia Juu ya Meza

SWALI: Nina wanafunzi 42 na mchezo mmoja wa Diplomacy, mchezo wa ubaoni wa mataifa ya Ulaya kuanzia mwaka 1901, ambao ni wa wachezaji saba tu, kila mmoja na nchi yake. Tulipoujaribu, wachache walicheza, wengine wakapiga soga. Niwapangeje?
Mwalimu wa historia

JIBU: Weka wanafunzi sita kwa kila nchi: kiongozi, waziri wa mambo ya nje, mabalozi wawili, mkuu wa majeshi (yeye peke yake ndiye anaandika amri) na karani. Karani asidharauliwe. Anaandika nani kaahidi nini na zamu ipi, na daftari lake litakufaa kufundishia kuliko ubao wenyewe.

Kila zamu ipe dakika 10 za mazungumzo, 5 za kuandika amri na 8 za kuzisoma. Zamu ya kwanza iongezee mazungumzo kidogo.

Panapoharibika zaidi ni amri za kuunga mkono, yaani jeshi moja kuliongezea jingine nguvu. Tuseme ni mwaka 1901: Austria anatoa jeshi Vienna kwenda Galicia, Urusi naye anatoa lake Warsaw kwenda huko huko. Nguvu ni sawa, kwa hiyo kila mmoja anabaki alipokuwa. Jeshi lake jingine lililoko Budapest likiunga mkono, Austria anaingia, mbili kwa moja. Lakini "Budapest inasaidia Galicia" ni amri batili. Lazima itaje jeshi la Vienna na linakoelekea. Usiwahurumie: jeshi lenye amri mbovu husimama palepale. Wakishazoea, utaona nchi mbili zikikubaliana kugongana Galicia kwa makusudi ili pabaki patupu, na hilo hukuwafundisha wewe.

Ushindi ni kushika vituo (maeneo maalumu ya ramani yanayokuwezesha kuwa na majeshi) 18 kati ya 34, na kwa ratiba ya shule hamtafika. Kateni mchezo ukifika mwaka 1904 au 1905 wa ubaoni, ila zamu ya mwisho isitangazwe. Wakiijua watasalitiana wote, maana hakuna tena wa kuwalipizia. Nchi ikifutika, watu wake wawe wahariri wa gazeti la uvumi.

SWALI: Ramani ya Diplomacy ya 1901 inanisaidia nini kuelewa dunia ya leo?
Mwanafunzi

JIBU: Kutoaminiana kwa mataifa utakuelewa, taasisi, hapana. Kwa hizo igizeni Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa: wajumbe 15, azimio lipate kura 9 na asiwepo hata mmoja wa wale 5 wa kudumu aliyelipinga. Wa kudumu akijizuia kupiga kura, hajatumia kura ya turufu. Wengi hukosea hapo, wakaliua azimio ambalo lilikuwa limepita.