Taa za breki za Land Rover 110 yangu: nilinunua kila kitu, kumbe shida ni athi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri)

Niseme ukweli kabisa, mi sio fundi umeme. Mi ni mtu tu mwenye 110 ya mwaka 1996, ile yenye injini ya 300Tdi, niliinunua ikiwa imeshakula miaka mingi porini kwa watu wengine, na kama unazijua hizi gari basi unajua injini itakupa raha alafu umeme utakutoa mvi.

Ilianza hivi. Nateremka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, ule mteremko unaoliona Ziwa Manyara lote, gia ya tatu, nadonoa breki kidogo kidogo kama siku zote. Nyuma kuna Fuso limejaa vitunguu vya Mang'ola. Kila nikipunguza mwendo naliona linakuja kwenye kioo mpaka sioni taa zake tena, naona magunia na paji la uso la dereva. Nikawa namlaani kimoyomoyo, huyu jamaa ana haraka gani. Tulipofika chini kwenye tambarare akaja sambamba na mimi akashusha kioo: "Mzee, unataka nikuue? Huna taa ya breki hata moja!" Akaondoka zake. Aisee nilinyamaza. Yaani nimemtukana mtu kilomita nzima na mkosaji ni mimi, na sijui nilikuwa nimetembea hivyo siku ngapi, maana ukikanyaga breki we uko mbele na taa ziko nyuma, nani atakwambia.

Sasa nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya, nikaanza kununua. Nikanunua balbu mbili, za nyuzi mbili, zile za 21/5, yaani wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ndogo. Nikafunga, zikawaka hafifu kama sigara. Kumbe muuzaji alinipa za volti 24, za malori, kwa macho ni kama mapacha na za volti 12 usiposoma yale maandishi madogo kwenye kitako. Kwahiyo la kwanza, soma kitako cha balbu kabla hujatoka dukani. Na uangalie vile vipini viwili vya pembeni, kwenye balbu ya nyuzi mbili vimepishana urefu makusudi ili isiingie kinyume, ikikataa kuingia igeuze, usiilazimishe na plaizi kama nilivyowahi kuona mtu akifanya.

Nikabadilisha balbu, hafifu vilevile. Nikanunua swichi ya breki, ile inayowasha taa ukikanyaga pedali. Vilevile. Nikampelekea fundi mmoja wa mtaani, yeye hakupima chochote, akasema waya umeoza ndani ya chasisi, akavuta waya mpya kutoka mbele mpaka nyuma, na waya wenyewe ni ule wa nyumbani, wa uzi mmoja mgumu, akaufunga na tepu nyeusi kila baada ya mkono mmoja. Taa zikawaka! Nikalipa nikashukuru. Wiki mbili tu, mvua zikashuka, nikapita kwenye tope kidogo, kwisha habari.

Aliyetegua kitendawili ni mwanangu wa darasa la tano. Nilimweka kwenye kiti akanyage breki mi niko nyuma naangalia, swichi ya funguo iko on lakini taa zote zimezimwa, mara nasikia, "Baba, mbona nikikanyaga hii hapa mbele pale kwenye spidi panawaka?" Nikaenda kuangalia, kweli, anakanyaga breki na dashibodi inawaka kwa mbali, na taa ndogo za mbele nazo zinafanya kama zinataka kuwaka. Taa zimezimwa!

Hiyo dalili ishike vizuri maana ni dhahabu. Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye hasi ya betri, na njia yake ya kurudi ni ule waya mweusi wa athi wa taa za nyuma. Njia ikiziba hauendi kukaa chini ulie, unatafuta kichochoro. Unaingia kwenye uzi wa pili wa balbu ileile, unarudi kinyumenyume na waya wa taa ndogo mpaka mbele, unapita kwenye balbu za dashibodi na za mbele ambazo zenyewe athi yao ni nzima, ndo unafika nyumbani. Ukiona unakanyaga breki na kitu kisichohusika kinawaka, au unawasha indiketa na taa ndogo ya nyuma nayo inakonyeza, achana na balbu achana na swichi, nenda kwenye athi moja kwa moja. Ndo maana pia waya wa yule fundi ulionekana umetibu, haukutibu kitu, ni vile alifungua taa akatikisatikisa nyaya, athi ikagusa kidogo ikapata uhai wa wiki mbili.

Kupima ni kazi ya dakika tano na multimita ya bei rahisi inatosha. Weka kwenye volti za DC, ncha moja igusishe athi ya taa ya nyuma, kwenye lile bati la holda, ncha nyingine hasi ya betri (tafuta waya mrefu wa kuongezea), mtu akanyage breki. Athi nzima itakupa 0.1 au 0.2 hivi. Mi nilipata 8 na ushee. Maana yake kati ya volti 12 za betri balbu ilikuwa inapata makombo tu. Huna multimita? Chukua waya, upande mmoja hasi ya betri upande mwingine kwenye holda, taa ikiruka ikawaka kwa nguvu, jibu unalo.

Kama athi iko sawa ndo urudi mbele. Na hapa walioizoea Toyota wasikilize, Toyota nyingi taa za breki zinawaka hata funguo ikiwa mfukoni, hii hapana, lazima swichi ya funguo iwe on, nimeshaona mtu anafungua nusu ya gari kwa kutojua hilo. Angalia fyuzi, na ukute fyuzi kweli sio karatasi ya sigara. Alafu swichi ya breki yenyewe, kwenye yangu iko kwenye boksi la pedali upande wa injini, ina kofia ya mpira, ina nyaya mbili tu: wa kijani unaleta umeme na wa kijani wenye mstari wa zambarau unapeleka nyuma. Chomoa zote mbili ziunganishe kwa kipande cha waya, taa zikiwaka basi swichi ndo imekufa. Zisipowaka fuata huo wa kijani na zambarau mpaka nyuma na testa. Hizi gari za Kiingereza rangi zake zina mpangilio toka enzi, nyekundu ni taa ndogo, kijani na nyekundu indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ya kulia, nyeusi athi. Ukizikariri hizo umeshampita fundi wangu. Ila mwenye gari aliyepita anaweza kuwa ameunga rangi anayoitaka yeye, kwahiyo amini testa kwanza.

Yangu sasa. Nikafungua taa, nikafuata waya mweusi, nikakuta umekatwa. Zamani gari ilikuwa inavuta tela, na aliyefunga soketi ya tela alikata athi za taa zote mbili akaziunga pamoja na ya soketi, alafu akazibana zote chini ya skrubu moja ya bati, kwenye bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Skrubu ya chuma kwenye aluminiamu, juu yake maji na tope la miaka, nilivyoifungua ilitoka na unga mweupe kama dawa ya mende. Unga ule haupitishi umeme. Sehemu moja hiyo ndo ilikuwa imebeba nyuma yote.

Nilichofanya, nilitoa hasi ya betri kwanza, nikakata nyaya nyuma mpaka nikakuta shaba inayong'aa, na usishangae ukikata sana, maji yanapanda ndani ya ganda la waya na shaba inakuwa nyeusi mbali kuliko unavyofikiria, ukiunga kwenye shaba nyeusi umejisumbua. Nikavuta waya wa milimita za mraba 2.5 wa nyuzi nyingi, wa magari, kutoka kila taa mpaka sehemu moja kwenye chuma chenyewe cha chasisi kule nyuma. Waya wa nyumbani wa uzi mmoja usiuweke kwenye gari la rafu rodi, mtetemo unauvunja ndani kwa ndani na nje unaonekana mzima. Pale kwenye chasisi nilikwangua rangi mpaka chuma cheupe, nikaweka bolti na washa ya meno, nikakaza, ndo juu yake nikapaka grisi. Grisi inakuja mwisho. Viungo nilibana na plaizi ya kubania alafu nikavivalisha ule mpira unaosinyaa kwa moto, tepu nyeusi nimeiachia watu wa redio, kwa joto letu gundi yake inayeyuka na kubaki inanata vumbi tu.

Nikarudia kipimo, 0.1. Jioni nikarudisha gari nyuma karibu na ukuta wa jirani nikakanyaga, ukuta wote mwekundu, na dashibodi giza kabisa. Siku hizi hata nikiwa peke yangu kabla ya safari naweka fimbo kati ya kiti na pedali nashuka kuangalia, au nategea dirisha la duka nione kwenye kioo chake.

Ule waya wa nyumbani wa fundi niliung'oa wote, mama watoto anaanikia nguo. Na soketi ya tela ipo kwenye boksi la spana, mwenye tela lake aje achukue.